Sikuonja Hata Tone

Sijawahi kunywa pombe. Naandika hivyo mwanzo kabisa ili asiyetaka kusoma zaidi aondoke na hilo. Sijaonja busaa, sijaonja chang'aa. Kwetu Gesima, baba yangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda majani chai, na katika nyumba yake hakuna aliyewahi kunywa hata chai yenyewe, kwa kuwa kanisa letu lilikataza. Tuliichuma, tukaibeba mgongoni hadi kituoni, tukarudi nyumbani kunywa uji. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Na bado, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kulikuwa na watu wa Manga, nilikoolewa, watu wanaoimba vizuri na kufumba macho wakiomba, waliokuwa na hakika kwamba mimi ni mlevi.

Nimezeeka sasa. Watu huniambia kwamba umri hupoza hasira. Yangu haikupoa, na sioni kwa nini ipoe wakati kilichoiwasha hakijawahi kuombewa radhi hadharani.

Ugonjwa ulianza na jicho. Nilikuwa nimemwachisha ziwa mtoto wetu wa pili. Jioni moja nilikuwa nikioga maji ya moto kwenye kibanda chetu cha kuogea, na jicho la kulia likaingia ukungu. Nilidhani ni mvuke. Nikajifuta, nikatoka nje kwenye baridi, na baada ya muda jicho likarudi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Sikumwambia mtu, maana nani huenda kulalamika kwamba jicho lake halipendi maji ya moto?

Kisha ikaja miguu. Niliona kama nimevaa soksi nene za mtu mwingine, na mimi niko miguu mitupu. Kisha uchovu, na huo ndio uliowaudhi watu kuliko yote, kwa sababu uchovu hauonekani. Asubuhi nilikuwa mtu. Nilichuma maua ya pareto kwa kasi niliyoijua tangu usichana, nikitania na kutaniwa. Jua likishapanda, miguu ilianza kujiendea ilikotaka, na ulimi ukawa mzito hata nikaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nilikaa chini katikati ya mistari ya pareto nikasubiri. Majirani walipita, wakasema pole ya kazi kwa sauti ile ambayo mtu husema pole kwa mvivu.

Niligundua mwenyewe kwamba maji baridi hunisaidia. Hakuna aliyenifundisha. Nikiloweka miguu kijitoni na kuweka kitambaa chenye maji utosini, chini ya leso ya kichwa, nilirudi kuwa mtu kwa saa moja au zaidi. Kwa hiyo nilianza kupanga maisha yangu kwa kufuata maji na kivuli. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo bila kujua.

Kwenda kanisani kulikuwa na njia mbili. Ya juu ilipita mgongoni mwa kilima, wazi kabisa, na siku ya Sabato watu wote waliifuata wakiwa wamevaa vizuri, wakisalimiana. Ya chini ilifuata kijito, chini ya miti, baridi na tulivu. Karibu na kijito hicho kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane aliyepika chang'aa. Kila mtu alijua. Hata mzee wa kanisa alijua, kwa kuwa ndugu yake mwenyewe alikuwa akichukuliwa hapo kila wiki akiwa hajijui. Mimi nilipita njia ya chini. Nilikaa juu ya jiwe mita chache kutoka mlango wa yule mama, nikaloweka miguu, nikalowesha kitambaa, kisha nikapanda kilima juani. Nilipofika juu nilikuwa nayumba.

Hebu itazame kwa macho yao. Mwanamke anaacha njia ya wenzake, anashuka kwa mpika chang'aa, anapotelea huko kwa muda, halafu anatokea akipepesuka na ulimi mzito. Nakubali, mimi mwenyewe ningeshuku. Lakini ningeuliza. Hakuna aliyeniuliza, na hilo ndilo sitaki kulisahau.

Aliyeona zaidi ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye aliolewa ng'ambo ya kijito hicho na nyumba yake ilitazama njia ya chini. Alikuwa shemasi kanisani, mwanamke safi, mwenye bidii, asiyependa mzaha. Mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto wadogo darasa la Sabato, na kazi hiyo niliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Sabato moja, paa la mabati likiwa limechomwa na jua na chumba kimejaa, nilisimama kuwaanzishia watoto wimbo. Maneno yalitoka yameburutwa. Nikajaribu tena. Goti likakunjika, nikaanguka juu ya benchi la mbele, na mtoto mmoja akacheka kwa sababu alidhani ni mchezo.

Wifi alikuja kuniinua. Alinishika kwapani, akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu, na nikamwona akivuta pumzi. Alikuwa akininusa mdomo. Hakupata harufu yoyote, maana haikuwepo, lakini nilijua kutokana na macho yake kwamba hilo halitamzuia.

Wiki hiyo hiyo wazee wawili walikuja nyumbani. Mmoja kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa tu. Mzee wa kanisa ndiye aliyeongea, baada ya kupewa uji na kuomba sala ndefu.

"Dada, hatukuja kuhukumu," akasema. "Tumekuja kwa upendo."

Nilijua papo hapo kwamba nimekwisha hukumiwa.

"Nilianguka kwa sababu miguu ilikataa," nikamwambia.

"Miguu haikatai hivi hivi, dada. Na ile njia ya chini, unaenda kutafuta nini?"

"Kivuli."

Akatazamana na mwenzake. Kivuli! Nililisema neno hilo nikasikia mwenyewe jinsi lilivyo jepesi. Nikaeleza kuhusu jicho, kuhusu soksi, kuhusu maji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo, kwa sababu nani alishawahi kusikia ugonjwa unaokuja na jua na kuondoka na kitambaa chenye maji? Wakanipa masharti yao kwa sauti ya upole. Nisifundishe watoto. Nikae benchi la nyuma. Na siku ya Meza ya Bwana ikifika, mwisho wa robo ile ya mwaka, nisimame mbele ya kanisa niungame, nao watanisamehe na kunirudishia darasa langu. Neno moja tu, wakasema.

Walipoondoka nilimgeukia mume wangu. Alikuwa seremala, mtu wa watu, mtu ambaye hakuwahi kuniinulia sauti. Nusu ya mabenchi ya kanisa lile aliyatengeneza yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa akikwangua kitu kwenye meza kwa ukucha.

"Mama watoto," akasema, "sema tu. Iishe."

"Niseme nini?"

"Kwamba ulionja. Mara moja. Watu wakishasikia wanasahau."

"Nilionja nini?"

Akaendelea kukwangua meza. Alikuwa akilala kando yangu kila siku tangu tuoane. Alijua pumzi yangu ilivyo nikilala na nikiamka. Kama angeamini kwamba mimi ni mlevi, ningemwelewa zaidi. Lakini alijua kwamba sinywi, alijua kabisa, na bado alitaka niungame ili atembee njia ya juu bila watu kunong'ona. Sijui kama kuna neno la Kiswahili kwa hasira niliyoisikia. Kwa Ekegusii lipo, lakini halifai kuandikwa.

Nilienda mjini Kisii kumwona daktari mmoja aliyesifiwa. Alinipima kifua, akanitazama ulimi, akauliza kama nimegombana na bwana. Nikamweleza yote. Akacheka kidogo, cheko la mtu anayefunga mlango. "Una mawazo mengi, mama," akasema. "Wanawake wa huko milimani mnafikiria sana. Punguza mawazo." Akanipa vidonge vya kuongeza nguvu. Nilitoka pale nikijishikilia ukuta wa maduka. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa mlangoni pa duka lake la vitambaa alinitazama nikikaribia, akaingia ndani, akatoka na stuli, akaiweka kivulini. Hakuniuliza nataka kununua nini. Nilikaa nikalia pale hadharani, sijali nani ananiona.

Baada ya hapo nililala. Sisemi usingizi. Nilijilaza nikiutazama ukuta, sikuchana nywele, sikupika, watoto walilishwa na majirani. Nilichukia sauti ya watu wakicheka nje. Nilichukia hata mwanga. Na katika kulala huko nilianza kujifunza ile sentensi ya kuungama, polepole, jinsi mtu anavyojaribu kiatu dukani. "Ndugu zangu, nilianguka, nilionja." Ilikaa vizuri mdomoni. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa maana siku zingine nilijiuliza kama labda nilikunywa kweli nikasahau. Walikuwa wengi, nami nilikuwa mmoja. Nikaanza pia kulifikiria jabali la Manga, pale kilima kinapokatika ghafla, kwa namna ambayo mtu hapaswi kulifikiria.

Hakuna aliyekuwa akiyaita mambo hayo ugonjwa. Miguu ikikataa, angalau mtu huona miguu. Akili ikikataa, wanasema una kiburi, una mashetani, huna imani. Nimeishi na yote mawili, na ningetaka vijana wa leo wajue kwamba lile la pili lilinisogeza karibu na kaburi kuliko la kwanza.

Siku moja joto lilinizidi ndani ya nyumba nikashuka kijitoni. Sikuona tena sababu ya kujificha. Nilikuwa nimeloweka miguu yule mama mjane alipokuja na ndoo yake. Hatukuwahi kusalimiana vizuri, mimi na yeye. Akaweka ndoo chini, akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Kanisa yote inasema wewe ndiyo mteja wangu mkubwa, na mimi sijawahi kukuuzia kitu!"

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi, naye akacheka, akaketi kando yangu kwenye majani. Kisha nikamwambia kila kitu, na sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu hakuwa na jina zuri la kulinda. Nikamwambia hata kuhusu jabali. Hakushtuka, hakuniombea, hakunitisha na moto wa milele.

"Huko usiende leo," akasema. "Kesho njoo hapa kwanza, tuongee. Halafu ndiyo utaamua."

Kesho yake nilienda. Akaniambia vile vile. Siku zikaendelea hivyo, tukikaa pale kijitoni, yeye akichambua mboga za chinsaga kwa ajili ya chakula cha mchana, mimi miguu majini, nikiwatukana wazee wa kanisa kwa matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua. Hakunipa ushauri wowote. Aliniacha niwe na hasira, na hasira ikachukua nafasi ya lile jambo lingine. Nilipomwomba aende awaambie wazee kwamba hajawahi kuniuzia, akatikisa kichwa. "Nikisema sijakuuzia wewe, si nimesema nauza? Na askari wa chifu wanakaa hapo hapo wakisikiliza." Alikuwa na haki. Sikumlaumu.

Siku ya Meza ya Bwana ikafika. Nilienda kwa njia ya juu, mume wangu akinishika mkono, na ile sentensi ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nasema ukweli, sikujua nitafanya nini nikisimama. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka watoto wangu wa darasa. Nilitaka kulala bila kesi.

Kwetu, kabla ya kula mkate watu huoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, kama Bwana alivyowafanyia wanafunzi wake. Na desturi yetu ni kwamba wenye kinyongo ndio huoshana, ili waingie mezani wakiwa safi. Asubuhi za Manga ni baridi, kwa hiyo mashemasi walichemsha maji kwenye sufuria kubwa nyuma ya kanisa, wakayachanganya na ya baridi ndani ya mabeseni. Wifi yangu alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa, taulo limefungwa kiunoni. Chumba kizima kilituangalia. Alikuwa amekuja kunionyesha kwamba amenisamehe kabla hata sijaungama.

Akamimina maji ya moto kwenye beseni mbele yangu, akageuka kufuata ndoo ya maji baridi. Wanawake walikuwa wameanza wimbo. Mimi nilidhani kila kitu kiko tayari. Nikaweka miguu yote miwili ndani ya beseni, nikaanza kuimba na wenzangu.

Wifi akarudi. Ndoo aliiweka kando, kwa kuwa aliona nimekwisha tulia na maji, naye akadhani kuna mwenzake aliyeyapooza. Akapiga magoti, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa, akatumbukiza mikono. Akapiga yowe lililokata wimbo katikati.

"Toa miguu! Toa miguu!"

Sikuelewa anamwambia nani. Akaishika mwenyewe akaivuta nje, na hapo nikaiona. Ilikuwa imeiva hadi kwenye vifundo, na ngozi ya juu ilibaki kwenye vidole vyake. Niliitazama kama miguu ya mtu mwingine. Wifi alikuwa ameikumbatia kifuani, taulo na gauni lake la Sabato vimelowa, akinitazama usoni.

"Husikii? Husikii?"

"Sisikii," nikamwambia. "Nimekuwa nikiwaambia tangu siku ile niliyoanguka."

Siku hiyo sikuungama wala sikukataa, kwa sababu sikufika mezani. Walinilaza juu ya benchi, moja ya yale ya mume wangu, wakanibeba hadi barabarani, na gari la mfanyabiashara mmoja wa ndizi likanipeleka hospitali. Maumivu hayakuja mpaka siku ya tatu, na yalipokuja nilifurahi kuyaona.

Vidonda ndivyo vilivyonipatia jina la ugonjwa. Daktari kijana aliyekuwa akinifunga bandeji hakuelewa ni vipi mtu mzima anakaa ndani ya maji yanayochemka akiimba. Akanichoma kwa pini, akanigonga magoti, akanimulika macho, akaandika, kisha nikatumwa Nairobi. Huko nililala wodini majuma mengi. Walinichoma sindano ya mgongo wakatoa maji. Walinitumbukiza kwenye bafu la maji ya moto ili waone kama jicho litafifia, nalo likafifia, nao wakafurahi sana, wakapeana zamu kunichungulia. Mambo ambayo ningewaambia bure kabisa kama mtu angeuliza!

Daktari mkubwa alisimama kando ya kitanda na wanafunzi wake akawaambia, kwa Kiingereza, akidhani sisikii Kiingereza, kwamba ugonjwa huu unaitwa multiple sclerosis, kwamba ni wa Wazungu wa nchi za baridi, na kwamba hauonekani kwa Waafrika.

"Basi mimi ni nani?" nikamwuliza kwa Kiingereza hicho hicho.

Wanafunzi walitazama viatu vyao. Yeye akatabasamu, tabasamu la mtu ambaye mbuzi wake amesema. Baadaye, nakiri, alikaa akanieleza vizuri. Mishipa ya fahamu ni kama waya wa redio uliofunikwa na mpira, akasema, na katika mwili wangu ule mpira unachubuka hapa na pale, kwa hiyo habari zinazotoka kichwani hazifiki miguuni, na joto huzidisha. Ugonjwa utakuja na kuondoka. Hauna dawa. Hautaniua kesho. Nilimwomba aniandikie lile jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Sikuwa nimewahi kutaka kitu kama nilivyotaka jina lile.

Nilirudi Manga nikiwa na fimbo. Wifi alikuja kila siku kuosha vidonda vyangu, na kila siku tuligombana. Hakuwahi kusema kwamba alinikosea. Alileta maziwa, alileta ndizi za kuchemsha, alifua nguo za watoto wangu, na nilipomkasirikia alikaza midomo akaendelea kufua. Siku moja nilimwambia wazi kwamba nilimwona akininusa. Akaacha kitambaa ndani ya maji. Akasema, "Niliona aibu siku ile ile." Hayo tu. Kwake yeye hayo yalikuwa mengi, na nikayapokea.

Kuhusu kuishi, nilijifunza kwa ukaidi. Nilichuma pareto alfajiri tu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda kifupi alichonitengenezea mume wangu, chenye mkanda wa kukiburuta. Nilioga maji baridi, na anayeijua Manga mwezi wa saba atajua nimesema nini. Mchana nililala, mlango wazi, ili kila apitaye anione nimelala na aseme atakalo. Niliacha kabisa kuomba radhi kwa kuchoka. Kuna miezi miguu iliondoka kabisa nikatambaa, kisha ikarudi, si yote. Kuna siku giza la kichwani lilirudi pia, nami nilikuwa nimelijua sasa, sikulificha. Nilimtuma mtoto amwite mama mjane, au wifi, au yeyote aliyekuwa karibu, nikawaambia leo msiniache peke yangu. Waliona haya mwanzoni. Wakazoea. Ugonjwa ninao hata sasa, na sijawahi kuupenda, wala sijawahi kuona kwamba ulikuja kunifunza jambo. Lakini nimeishi, nimelea, nimecheka sana, na nimechukia nilichotaka kuchukia.

Kilichoniudhi zaidi miezi ile ni pole. Waliosema mlevi sasa walisema pole. Pole mama, pole dada, pole sana, wakipita haraka kana kwamba neno lile ni maji ya kunawia mikono.

Hatimaye mzee wa kanisa akaja tena, na yule mwenzake wa kutikisa kichwa. Safari hii alinisalimu kwa mikono miwili. "Dada, tumesikia habari ya Nairobi," akasema. "Sasa tunajua. Sabato ijayo tunataka kukurudisha kazini kwako. Watoto wanakuuliza."

Nilifurahi kama mjinga. Niliosha nywele, nikavaa gauni langu la buluu, na njiani mume wangu alitabasamu kwa kila mtu. Nilikuwa na hakika kwamba nitasikia maneno ninayoyangoja. Sikutaka mengi. Nilitaka mtu mmoja asimame aseme, tulikosea.

Mzee wa kanisa alisimama baada ya mahubiri. Akasema dada yetu amepitia majaribu mazito. Akasema Mungu ni mwingi wa rehema na kanisa ni mama. Sauti yake ilikuwa nzuri, ilijaa chumba. Kisha akasema, "Kwa hiyo, wote wanaokubali kwamba tumsamehe dada yetu, na kumpokea tena kati yetu, waonyeshe kwa kuinua mikono."

Mikono ikainuka. Ilikuwa mingi, kanisa zima, wazee kwa vijana, hata watoto wa darasa langu waliinua yao kwa sababu waliona wakubwa wakiinua. Watu walikuwa wakitabasamu. Wengine walinipungia. Wifi yangu peke yake, kwenye kiti cha mashemasi pale mbele, alikuwa amekunja mikono mapajani akitazama sakafu.

Nilishika fimbo nikasimama. Ilichukua muda, nao wakanisubiri kwa furaha, wakidhani nasimama kushukuru.

"Shusheni mikono," nikasema.

Hawakuelewa. Mzee wa kanisa akaegemea mbele. "Dada, huu ni utaratibu tu."

"Mnanisamehe nini?"

"Ni neno tu, dada yangu."

"Basi kama ni neno tu, liseme wewe. Sema mlinisingizia. Sikunywa. Sikuonja hata tone, na sitaki kusamehewa. Shusheni mikono, wote."

Ulimi haukuwa mzito siku hiyo. Kila neno lilitoka limekamilika. Mzee wa kanisa akaketi. Watoto ndio waliotangulia kushusha, kisha akina mama wa mabenchi ya nyuma, kisha mmoja mmoja, bila kutazamana. Nilibaki nimesimama, nimeegemea fimbo, nikaapa kwamba sitaketi hadi nione chumba hakina mkono hata mmoja hewani. Uliobaki mwisho ulikuwa hapa hapa kando yangu, umeinuliwa juu kabisa, na mwenyewe akitazama mbele kana kwamba hakunisikia. Ulikuwa wa mume wangu.